Makochi ya Mke wa Afande

Watu wa Namatala, mtaa wetu wa Mbale, wanajua la kufanya wakisikia watu wa mikopo ya masomo wanakuja kukagua nyumba. Televisheni inapelekwa kwa shangazi. Godoro jipya linaviringishwa na kusukumwa kwa jirani asiye na mtoto wa kusomesha. Aliyevaa viatu jana leo anatembea peku, na kuku wanafungiwa wasije wakaonekana. Mwenye nyumba anakaa mlangoni ameshika tama. Serikali inakopesha maskini, kwa hiyo siku hiyo kila mtu anaongeza umaskini kidogo juu ya ule alionao.

Bibi yangu alifanya kinyume. Alitoka asubuhi, akavuka njia, akaenda kuazima makochi.

Leo nasimulia nikicheka, kwa sababu ninaweza. Wakati ule sikucheka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimepata nafasi katika chuo kimoja cha Jinja kinachofundisha kazi ya maabara ya hospitali, na karo yake haikuwa ya kulipwa kwa kukaanga sambusa. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Baba alikuwa askari. Alihamishwa, na barabara ya kurudi akaisahau. Aliyenilea ni bibi, mzaa mama, kwa sambusa za asubuhi na kwa makawa ya kufunikia chakula aliyoyasuka mchana kwa ukili wa rangi. Kilichobaki kilikuwa mkopo wa serikali: unasoma, serikali inalipa chuo, riba ni ndogo, na wewe unaanza kurudisha ukishapata kazi. Nikiupata, naenda Jinja. Nikiukosa, narithi karai la mafuta. Karai lile nilikuwa nimelichukia tangu utotoni, na nasema bila haya.

Sasa ili uupate, lazima waje waone unakoishi. Walipiga simu siku moja kabla. Bibi alikuwa amekaa karibu, na katika maneno yote yaliyosemwa alisikia neno moja tu: kukagua.

Lazima mjue bibi huyu ni nani. Sisi ni Wanubi. Babu zake waliletwa Uganda na jeshi kutoka upande wa Sudan, na yeye mwenyewe alizaliwa kwenye kota za askari kule Jinja, binti wa sajini. Kwa mtu kama yeye, kukagua ni kukagua. Afande mkubwa anakuja, kwa hiyo ukuta unapakwa chokaa, sufuria zinasuguliwa kwa mchanga mpaka unaona uso wako, na kitanda kinatandikwa kisiwe na kunyanzi hata moja. Mama yake aliwahi kusifiwa mbele ya kota nzima kwa sababu ya foronya alizozitarizi, na habari hiyo tumeisikia nyumbani mpaka tukaijua kwa moyo. Hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kumwonyesha mkaguzi vumbi lake.

"Bibi," nikamwambia, "hawa wanakuja kuona kama hatuna."

"Kama hatuna nini?"

"Kama hatuna kitu."

Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Mgeni wa serikali atoke ofisini kwake, avae tai, aje mpaka kwangu, halafu mimi nimwonyeshe kwamba sina kitu? Ebo! Hiyo ndiyo elimu wanayowapa siku hizi?"

Ng'ambo ya njia alikaa mke wa askari magereza, mama mnene mcheshi kutoka kaskazini, mtu wa kanisani, ambaye mtaa mzima tulimwita mke wa afande. Yeye ndiye aliyekuwa na makochi mekundu ya velveti. Bibi hakumwambia nani anakuja. Alisema tu, "Nina mgeni mkubwa kwa ajili ya huyu mtoto," na mke wa afande, akidhani nakuja kuposwa, akaita vijana wayabebe, kisha akaongeza meza ya kioo na zulia bila kuombwa. Nilipotoka bombani na dumu langu la maji, nilikuta sebule siijui. Makawa yote ya bibi, hata yale ya kuuza, yalikuwa yamepangwa ukutani, mekundu kwa njano kwa zambarau. Pilau ilikuwa inanukia mpaka njiani.

Mke wa afande alikuwa mlangoni anapangusa jasho. "Hongera mwanangu," akaniambia. "Huyo kijana anafanya kazi wapi?"

Nilipomwambia mgeni ni nani, alishika mdomo. "Uwii! Mama, ni watu wa mikopo? Hawa si unawafichia hata redio!" Akageuka kuwaita vijana warudishe makochi upesi. Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema hakuna kiti kitakachotoka katika nyumba yake mgeni akiwa njiani. Walikuwa bado wanabishana tuliposikia hodi.

Alikuwa bwana mwembamba, shati jeupe, faili kwapani. Kiswahili chake kilikuwa kile chetu cha Uganda, cha kuokota kazini, na alimwita bibi jaja, kama Wasoga wanavyoita bibi zao. Bibi akamkaribisha, akamkalisha kwenye kochi, na bwana akazama mpaka magoti yakamjia kifuani. Akanawishwa. Akaletewa pilau na kachumbari, akaletewa chai ya tangawizi. Alikula. Nisimsingizie mtu, lakini yule bwana alikula. Kisha akafuta mdomo, akatoa kalamu, akaangalia ukuta, akaangalia zulia, akauliza kwa upole:

"Jaja, hii viti ni ya nani?"

Nilimkazia bibi macho. Nilikohoa. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, na meza ilikuwa ya kioo, kwa hiyo bwana aliona.

"Ni vya nyumba hii," akasema bibi, ametulia kama maji ya mtungini.

Bwana akaandika. Bibi alifurahi sana kumwona akiandika; alinyoosha shingo kidogo kuifuata ile kalamu, ingawa hasomi. Akamfungia sambusa za kuwapelekea watoto wake, akamsindikiza mpaka barabarani.

Majina yalipotoka, langu halikuwepo.

Damu ilinichemka. Katika nyumba yetu mtoto hamfokei bibi, kwa hiyo nikaosha vyombo. Niliviosha kwa vishindo mpaka sahani ikapasuka, na kila kishindo alijua ni chake. Alikuja akasimama nyuma yangu, kanga mabegani.

"Amekula pilau yangu," akasema, "halafu akaninyima."

"Hakukunyima, bibi. Amekuamini."

Aliokota vipande vya sahani kimoja kimoja akaenda kuvitupa.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyeniambia kuna kukata rufaa. Unaeleza kosa liko wapi, na wao wakitaka wanarudi kuangalia tena, ila safari hiyo hawapigi simu. Lakini wa kuthibitisha ni mwenye nyumba, si mimi. Nilimweleza bibi yote hayo wakati tunakunja sambusa. "Wakija," nikamwambia, "utasema makochi yalikuwa ya mke wa afande. Basi. Maneno machache tu."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kukunja. Kusikia kwa bibi na kukubali kwa bibi ni vitu viwili tofauti, mimi nimelelewa naye, najua. Nikatuma rufaa, nikarudi kwenye karai, moshi machoni. Kila asubuhi niliwaza kwamba maisha yangu yote yananing'inia kwenye mdomo wa mwanamke ambaye hajawahi kumwambia mtu hata kwamba ana njaa.

Bwana akarudi wakati wa mvua. Namatala mvua ikinyesha haiulizi, inaingia. Alikuja suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, faili ndani ya mfuko wa plastiki. Bibi alikuwa ameketi mkekani na kanga yake iliyopauka, anasuka, na pembeni yake ndoo inakinga maji yanayodondoka kutoka kwenye bati. Nyumba ilikuwa ile yetu ya kweli: mkeka, sanduku la nguo, karai, misumari ukutani ambako makawa yalikuwa yametolewa kwenda kuuzwa. Bibi alipomwona alijifunika kichwa haraka, akainuka nusu, akaangalia huku na huku akitafuta pa kumweka mgeni. Hapakuwa na mahali.

"Jaja," akasema bwana, bado amesimama. "Ile viti iko wapi?"

Mimi nilikuwa mlango wa nyuma na sinia la sambusa mbichi. Nikaliweka sinia chini. Angeweza kusema viko kwa fundi. Angeweza kusema lolote, mdomo anao. Niliona midomo yake ikitikisika kwanza bila sauti.

"Vilikuwa vya jirani," akasema. "Mimi sina viti, bwana. Hata sukari ya kukuwekea chai sina leo. Hivi unavyoniona, ndivyo nilivyo."

Kwa majuma nilikuwa nimeyasubiri maneno yale. Nilikuwa nimemuombea ayaseme, nimemwekea nadhiri. Alipoyasema, wallahi, nilitamani ayameze. Nilimwonea uchungu mpaka machozi yakanitoka, nikajifanya nakuna jicho.

Bwana alitafuta ndoo nyingine, akaipindua, akaketi juu yake. Bibi akamletea maji ya kunywa katika kikombe cha bati, kwa mikono miwili, na bwana akayanywa yote mpaka chini. Kisha akaandika. Safari hii aliandika kirefu, na bibi hakuifuata kalamu. Alikuwa anaangalia ile misumari.

Mkopo ukaja. Mwenyekiti alileta habari mwenyewe, na mke wa afande akapiga vigelegele mpaka bodaboda wakasimama kuuliza nani kaolewa. Nilirukaruka njiani peku, sikujali. Bibi alisali kwanza, akatoka, akanikumbatia kwa nguvu, akasema alhamdulillahi. Alikuwa na furaha, msije mkadhani hakuwa nayo. Lakini siku aliyokuwa akinisaidia kupanga sanduku, alisimama na gauni langu mkononi.

"Yule bwana ameniandika," akasema.

"Ameandika nini, bibi?"

"Kwamba sina kitu. Sasa liko huko ofisini. Limekaa."

Nikamwambia ni karatasi tu, iko kabatini na maelfu ya wenzake, hakuna anayeisoma. Alilikunja lile gauni vizuri, akaliweka. Habari ya ile karatasi hakuizungumza tena.

Mkopo unalipa chuo, haulipi chumba wala ugali, hilo hawakutangazii kwa sauti kubwa. Nilipanga chumba Masese, hapo hapo Jinja, karibu na gati la samaki, kwa sababu ndiko kulikokuwa na bei ya mfuko wangu. Mwishoni mwa juma niliungana na wanawake wanaoanika mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani: unawamwaga juu ya nyavu, unawatandaza, unakaa ukiangalia mbingu. Wingu likitokea ni mbio, kila mtu na kona yake ya wavu, vicheko na matusi. Darasani walinihama dawati kwa harufu. Mwenye nyumba wangu, mama wa Kisoga, alipata hofu siku ya kwanza niliposema naye. "Wewe ni mwanajeshi?" akaniuliza, maana kwao Kiswahili ni lugha ya bunduki. Nikamwambia mimi ni Mnubi, tumezaliwa nacho. Akatikisa kichwa, akaniita afande mpaka siku niliyohama. Kodi yangu lakini aliidai kwa heshima, faida ndiyo hiyo.

Nilisoma. Sijisifu, ila nilisoma. Nikichoka niliona ile kanga iliyopauka na kikombe cha bati mikononi mwa bibi, nikajikaza kisabuni. Leo nafanya kazi katika kituo cha afya upande wa Budondo. Nakaa mbele ya darubini natafuta malaria katika damu za wakulima, na kila mwezi mshahara ukiingia, serikali inachukua chake kwanza. Wenzangu wananung'unika. Nami nanung'unika, mimi si malaika. Lakini nalipa.

Halafu afande wa magereza akahamishwa. Bibi alinipigia simu, sauti imepoa. "Makochi yameondoka," akasema.

"Mke wa afande ameondoka?"

"Na yeye pia."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana yeye hakucheka. Alikuwa amesimama njiani kuyatazama yakipakiwa kwenye lori, akapunga mkono. Juma lile lile nikaenda kwa maseremala wa kando ya barabara pale Jinja, nikachagua makochi ya kijani, rangi anayoipenda yeye, nikamwambia fundi atumie mbao ngumu au tutakosana. Niliyalipia kidogo kidogo. Yalipokamilika nikayapandisha lori la kwenda Mbale, na mimi nikakaa mbele na dereva kuhakikisha haendi kwa fujo.

Bibi aliyapapasa. Aliyagonga kwa kiganja akasikiliza mbao. Akayafunika kwa vitambaa alivyotarizi mwenyewe, akapanga makawa ukutani, kisha akatandika mkeka wake chini, kando ya makochi, akaketi kusuka.

"Bibi, kaa kwenye kochi basi!"

"Bado."

"Unamngoja nani?"

"Nasuka," akasema. Alipoamua kutonijibu, hata risasi isingemtoa jibu.

Likizo ya Idi nilikuwa nyumbani. Tulikuwa tumekaa, mimi kwenye kochi, yeye mkekani, mlango uko wazi, mara nikaona mkono wake umesimama katikati ya ukili. Njiani alikuwa anapita mtu mwembamba na faili kwapani. Nywele zimeingia mvi, lakini mwendo ni ule ule. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na msichana aliyeomba mkopo, na tangu jana tulikuwa tumeona televisheni yao ikitoka na shuka juu yake.

Bibi aliinuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona. "Bwana! Bwana wa mikopo!"

Bwana akasimama, akatazama. Hakumkumbuka, nilimwona akitafuta kichwani. "Jaja, mimi nakwenda nyumba ile pale," akasema.

"Utakwenda. Ingia kwanza."

Watu hawambishii bibi yangu. Akaingia. Bibi akamwelekeza kochi kubwa, lile la katikati, akamngoja mpaka akae. Kisha na yeye, kwa mara ya kwanza, akaketi kwenye kochi lililomwelekea, mgongo umenyooka. Mimi nilitumwa jikoni mbio. Nikaleta pilau ya Idi, nikaleta maji ya kunawa, nikaona bwana anaangalia yale makawa ukutani na uso wake unaanza kukumbuka. Akaniangalia mimi, akaangalia bati juu, akaangalia pembeni pale ndoo ilipokuwa siku ile.

"Mtoto alimaliza?" akauliza.

"Anapima damu za watu Budondo," akasema bibi. "Na deni lenu analipa. Sasa niulize."

"Nikuulize nini, jaja?"

"Niulize ulivyoniuliza siku ile."

Nilidhani bwana atacheka, na kama angecheka sijui ningemfanya nini. Hakucheka. Akaweka mikono magotini.

"Jaja," akasema, "hii viti ni ya nani?"

"Vyangu," akasema bibi. "Andika."

"Jaja, faili yenu ilifungwa zamani. Leo nimekuja ya mtoto mwingine."

"Najua. Andika."

Akafungua faili. Akatafuta karatasi tupu, akatoa kalamu, na bibi akanyoosha shingo kuifuata. Aliandika polepole, na alipomaliza akamsomea kwa sauti: kwamba amefika katika nyumba hii, amekuta makochi ya kijani, seti nzima, na mwenyewe ni jaja. Bibi akamtaka arudie pale pa mwisho. Akarudia. Akaikunja ile karatasi, akaitia ndani ya faili pamoja na karatasi za serikali.

"Haya," akasema bibi, akimsogezea sinia. "Sasa kula."